Tandale: Soko la Nafaka na Amana ya Madalali

Atakaye kuijua Dar es Salaam ya wafanyabiashara aghalabu huelekezwa Kisutu na mitaa ya Uhindini, jirani na bandari ambako Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar, alianza kujenga mji katika miaka ya 1860, zama za biashara ya sandarusi na pembe za ndovu. Lakini chakula cha mji huu, ambacho sehemu yake kubwa huja kutoka bara kwa Barabara ya Morogoro, kina mtaa wake Kinondoni, nao ni Tandale. Hapo hushushwa mahindi ya Iringa na Rukwa, mchele wa Mbeya na Kilombero, na maharage ya Kigoma. Na Manzese, hatua chache tu, mashine hukoboa na kusaga mahindi yakawa sembe, na pumba wakazinunua wafugaji.

Katika enzi ya Shirika la Taifa la Usagishaji, dola ilipohodhi biashara ya nafaka, mtu binafsi aliyepitisha magunia njiani kwa faida yake aliitwa mlanguzi. Mwaka 1984 akaruhusiwa kusafirisha hadi kilo 500, na mwaka 1987 kikomo hicho kikaondolewa, nayo biashara iliyokuwa ikifanywa kwa hofu ikatoka hadharani.

Nguzo ya soko ni dalali. Mwenye shehena aliyetoka Sumbawanga, asiyemjua mnunuzi hata mmoja mjini, humkabidhi magunia yake. Naye dalali humtafutia wanunuzi, huwakopesha mali wale anaowaamini, hukusanya fedha, kisha akakata ujira wake kwa kila gunia, na yote haya aghalabu hupita bila ya mkataba ulioandikwa, maana dalali aliyevunja amana hapati tena shehena. Wako wawaitao wanyonyaji. Sikubaliani nao, kwani mgeni huyo hana ghala mjini wala hana nafasi ya kukaa akidai madeni.

Dhulma hasa iko kwenye lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, ilhali gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kilemba hupita kipimo hicho kwa bei ile ile ya gunia moja. Mkulima hupunjwa huko shambani, na kuli wa Tandale, alipwaye kwa idadi ya magunia, huibeba ziada hiyo bure mgongoni mwake.

Nawasihi Wakala wa Vipimo na Manispaa ya Kinondoni waweke mizani kila pashushwapo nafaka, na madalali wenyewe watangulie kutoza ujira wao kwa kilo.