Manati chini, macho juu

Shule zikifunga, manati hutoka mifukoni. Shomoro, mnana, hata chozi anayefyonza maua, wote hulengwa. Wazazi wa Kimulot wanaweza kuwaonyesha watoto mchezo mwingine, wa kuwatazama ndege hao wakiwa hai.

Darubini si lazima. Daftari na kalamu vinatosha. Muda mzuri ni saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi. Mtoto aandike ukubwa wa ndege, rangi, umbo la mdomo na anachokula. Jina litafuata, na la Kipsigis ni sawa kabisa. Babu na nyanya wanayajua mengi kuliko vitabu. Vijana wakubwa watamfurahia zaidi kulukulu, ambaye wekundu wa mbawa zake huonekana anaporuka. Asiingie mtu msituni Mau bila mtu mzima, kwani kuna ndovu.

Anayestahili uangalizi zaidi ni kong'ony, yaani korongo taji. Tangu mwaka 2012 ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka. Hutaga kwenye maeneo oevu, nayo yanakaushwa kwa kilimo; mayai na makinda pia huchukuliwa. Watoto wakiona kiota wasikikaribie, bali wamwambie mwalimu au ofisi ya KWS.

Shule zinaweza pia kuanzisha klabu chini ya Wildlife Clubs of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa sekondari.