Manemane na Mafuta Yake

Kila mwaka wakati wa Noeli tunasikia habari ya wageni kutoka mashariki walioleta dhahabu, uvumba na manemane. Dhahabu, watu wa Bambu wanaijua sana. Lakini manemane ni nini? Wachache kwetu wameuona mti wake, maana hauoti katika milima hii yenye mvua. Ni mti mfupi wenye miiba, nao hukaa katika inchi kavu: kaskazini-mashariki ya Kenya, Somalia, Etiopia, na Arabuni ng’ambo ya bahari. Gome likikatwa, utomvu hutoka, hukauka, na kuwa madonge mekundu-mekundu yenye uchungu.

Ndani ya donge mna gundi iyeyukayo katika maji, na utomvu mgumu uyeyukao katika alkoli, na mafuta yenye harufu. Mafuta ni machache: katika gramu 100 za manemane, mara nyingi hayafiki gramu 10. Ili kuyapata, watu hupitisha mvuke katikati ya madonge. Mvuke huyabeba mafuta, na ukipoa, mafuta hujitenga na maji. Ni kama kuosha mchanga mwingi kwa ajili ya chembe chache za dhahabu.

Hata mafuta hayo si kitu kimoja. Wenye elimu ya kemia wameona ndani yake vitu vingi. Vilivyo vikubwa ni furanoeudesmadieni na kuzereni. Mwaka 1996 watafiti wa Florence, katika Italia, waliandika katika gazeti la Nature jinsi walivyowapa panya manemane na kuwaweka juu ya bamba lenye joto. Panya hao walikawia kusikia maumivu kuliko wengine. Walipopewa naloksoni, dawa izuiayo nguvu ya morfini, msaada ule ukatoweka. Hivyo walifahamu kwamba furanoeudesmadieni huingia katika ubongo kwa mlango uleule wa morfini. Marko anaandika kwamba Bwana wetu alipewa divai yenye manemane pale Golgotha, naye akaikataa. Sasa twaelewa zaidi alikataa kitu gani.

Tena, katika maabara mafuta haya huzuia vijidudu vingine, kama stafilokoki waletao usaha. Katika Ulaya manemane iliyoyeyushwa katika alkoli hupakwa juu ya vidonda vidogo vya kinywa. Imekubaliwa kwa sababu ya desturi ya siku nyingi.

Lakini angalieni. Kijidudu kilicho katika chupa ya maabara si kijidudu kilicho katika damu. Kidudu cha malaria hujificha ndani ya chembe nyekundu za damu, na mafuta yaliyopakwa kwenye paji la uso hayakifikii. Wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta na kumwombea, kama Yakobo alivyoandika. Yakobo hakusema mtu asipimwe damu. Mtoto mwenye homa aletwe siku ileile.

Mama mwenye mimba asinywe manemane kamwe, maana yaweza kusukuma tumbo la uzazi. Na chupa ndogo za mafuta yo yote ya harufu ziwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza, msimtapishe, kwa maana mafuta yaweza kuingia katika mapafu. Mleteni upesi, na chupa yenyewe pia, ili mganga ajue amemeza nini.