Tanga la Mashindano: Kitambaa, Mshono na Istilahi katika Kisiwa cha Mombasa

Kisiwa cha Mombasa kina pande mbili za bahari, na kila upande una elimu yake ya tanga. Upande wa mashariki, chini ya nyumba za Mji wa Kale, iko Bandari ya Kale ambako kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yaliingia kwa pepo za kaskazi na kuondoka kwa kusi. Upande wa Kilindini, katika Liwatoni, ipo klabu ya mashua ndogo za mashindano ambazo matanga yake ni ya nyuzi zilizotengenezwa viwandani. Baina ya pande hizo ni mwendo mfupi wa miguu, lakini maneno ya upande mmoja hayajavuka kwenda upande wa pili. Makala haya yanaeleza jinsi tanga la kushindania lilivyobadilika, na kwa nini mabadiliko hayo yanamhusu pia mwanafunzi wa lugha.

Tanga la kale la pwani hii halikuwa la kitambaa. Wareno wa msafara wa Vasco da Gama, walipofika Msumbiji mwezi Machi 1498, waliona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba pasi na misumari, na matanga yake yalikuwa ya mikeka. Tanga la namna hiyo, la mraba, ndilo lililobaki katika mtepe hadi chombo hicho kilipotoweka katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Mkeka hupitisha upepo, na tanga la mraba hufaa zaidi kwa upepo wa nyuma kuliko kwa kubisha. Jahazi lina mpango tofauti: ukingo wa juu hufungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaoning'inia mlingotini, pembe ya mbele ni joshi, pembe ya nyuma huzuiwa kwa kamba iitwayo demani. Tanga hili huweza kuukaribia upepo, lakini linadai kitambaa kisicholegea.

Kitambaa hicho kilitoka mbali. Baada ya mkataba wa biashara wa 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, meli za mji wa Salem zilileta Unguja shehena za nguo ngumu ya pamba, na watu wakaiita merikani. Ilivaliwa, ilitumika kama fedha katika misafara ya bara, na ilishonwa matanga. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipokatiza biashara hiyo, nguo za Bara Hindi zilichukua nafasi yake, jina halikuondoka.

Ajabu ni kwamba pamba ya Marekani ndiyo iliyowashtua Waingereza pia. Tarehe 22 Agosti 1851 mashua iitwayo America ilizishinda mashua zao katika mashindano ya kuzunguka kisiwa cha Wight. Matanga ya Waingereza yalikuwa ya kitani: yalitanuka na kuvimba, na mabaharia waliyarushia maji ili nyuzi zijaze matundu. Ya America yalikuwa ya pamba iliyofumwa kwa mashine, bapa na yenye kushika umbo. Ubora ambao mabaharia wa dunia walianza kuuiga baada ya mwaka huo ulikuwa wa nguo ya aina ile ile iliyokwisha kufika pwani hii.

Hata hivyo kitambaa kizuri hakitoshi. Tanga si pazia. Likiwa bapa kabisa halivuti, na likiwa na tumbo kubwa mno huiburura mashua kando. Fundi hulipa tumbo kwa njia tatu: hukata ukingo wa juu kwa mpindo kwa kukadiria jinsi foromali itakavyopinda, hupanua au hupunguza mshono baina ya kipande na kipande, na huishona dasi, yaani kamba ya pindoni, huku akikibana kitambaa kidogo kidogo juu yake. Shazia hupita mkononi maelfu ya mara. Kwa kuwa nguo hunyooka zaidi kwa mshazari kuliko kwa kufuata uzi, vipande huelekezwa sambamba na ukingo wa nyuma, ambao hauna mti wa kuushikilia. Juu ya hayo yote, pamba mpya hutanuka. Fundi hashoni tanga lilivyo leo. Hushona lile litakalokuwepo baada ya kufunzwa na pepo nyepesi kwa siku kadhaa. Kosa la kukadiria huonekana siku ya mashindano, mbele ya watu.

Mashindano ya majahazi na mashua za aina hii yamedumu zaidi Lamu, kaskazini mwa Mombasa, hasa wakati wa Maulidi. Huko kasoro ya tanga haina pa kujificha, kwani kila mashua inapogeuka foromali huhamishwa upande wa pili wa mlingoti, na muda uliopotea hapo ni lazima ulipwe na tanga lenyewe.

Kuanzia miaka ya 1950 poliesta, iliyouzwa na DuPont kwa jina la Dacron, iliiondoa pamba katika mashindano ya kimataifa. Ilifuatwa na Kevlar katika miaka ya 1970, na katika miaka ya 1990 na matanga yaliyotengenezwa juu ya kalibu, yakiwa na tumbo tangu mwanzo. Hesabu aliyoifanya fundi kwa jicho ikahamia kwenye kompyuta. Wavuvi wengi wa pwani nao wamepata plastiki, lakini kwa njia nyingine: magunia na maturubali yaliyounganishwa. Ni rahisi, wala hayaozi upesi, ila kukata tumbo katika gunia ni kazi ambayo wachache huihangaikia.

Tatizo la istilahi limo hapa. Vyuoni huundwa maneno mapya ya teknolojia kila mwaka, ilhali dasi, joshi, henza na shazia yamelala kamusini kana kwamba vitu vyake vimekufa. Havijafa. Katika mashua nyingi ndogo za mashindano, tanga kuu la poliesta hupandishwa kwa kuingizwa kwenye mfereji wa mlingoti, nalo hushikwa humo na kamba nyembamba iliyoshonwa ndani ya pindo la mbele. Kamba hiyo ni dasi.