Kabla ya Excel, kaye ya karo: namna tunafundisha watoto hesabu za safu na mistari

Ndugu wahitimu, na ninyi wadogo zetu mlio bado kwenye masomo,

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipomaliza chuo na kurudi Wamaza, akina mama wa likelemba moja waliniomba niwawekee hesabu zao kwenye ordinatere. Nilikubali haraka, juu mimi ndiye "mtu wa masomo". Nikaandika matumizi matano: 42 000, 38 000, 55 000, 27 000 na 60 000. Nikapiga fomula ya jumla, ikanijibu 157 000. Nikatoa kwenye mapato, halafu nikatangaza mbele ya wote: ndani ya sanduku franka 65 000 zinakosekana.

Siku mbili nzima mama mwenye kutunza sanduku alitazamwa kama mwizi. Siku ya tatu mtoto wake, wa mwaka wa sita ya primere, alichukua orodha, akajumlisha kwa bike: 222 000. Hakuna franka iliyopotea. Kosa lilikuwa langu. Penye 38000 na 27000 niliandika namba pamoja na herufi FC. Excel ikikuta namba na herufi hivyo ndani ya kisanduku kimoja, inachukua yote kama neno. Na fomula ya jumla inaruka maneno, kimya, bila kukuonya. 38 000 na 27 000, fanyeni wenyewe.

Niliomba msamaha mbele ya watu wale wale. Halafu nikajiuliza: mimi mwenye diplome nilikosa nini ambacho yule mtoto alikuwa nacho? Alikuwa na mashaka, na alijua kujumlisha. Ndiyo sababu leo, saa za jioni, nafundisha watoto wa mwaka wa tano na wa sita mambo ya Excel, lakini naanza bila ordinatere.

Wengi wetu tunafikiri Excel ni somo la mashine. Hapana, ni somo la hesabu. Programu ya kwanza ya namna hiyo kuenea, VisiCalc, ilitoka mwaka 1979 kwa kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston. Bricklin alikuwa mwanafunzi wa Harvard, na wazo lilimjia juu ya tablo: ukibadilisha namba moja ya jedwali, lazima ufute na uandike upya zote zinazoitegemea. Kila mwalimu wa Kasongo na Kabambare anajua taabu hiyo. Chaki inaisha, saa inaisha.

Basi, hatua zetu ni hizi.

Kwanza, kaye ya karo. Juu tunaandika herufi A, B, C. Pembeni 1, 2, 3. Kila karo sasa ina anwani yake. Nataja "C4", mtoto anaweka kidole. Baada ya siku moja hakuna anayekosea.

Pili, watoto wenyewe wanakuwa jedwali. Wanakaa kwa safu, kila mmoja ni kisanduku. Wa A1 anashika karatasi ya 6, wa B1 anashika 7, wa C1 anashika fomula =A1*B1 na anapaza sauti: "Arobaini na mbili!" Nabadilisha 6 kuwa 9 bila kusema neno. Wa C1 lazima aone na ajibu 63. Hapo wanaelewa kitu ambacho mimi nilikielewa chuoni kwa shida: fomula si jibu, ni kanuni ya kupata jibu. Na ndiyo aljebra inaanza pale, kabla hawajasikia jina lake.

Tatu, kukadiria. Kabla ya kupiga fomula yoyote, kila mtoto anaandika anachotarajia. Chukueni orodha yangu ya aibu: 40, 40, 60, 30, 60, ni karibu 230 elfu. Mashine ikisema 157, unasimama. Dakika moja ya kukadiria ingeokoa jina la yule mama.

Nne ndiyo ordinatere. Tunayo moja, inakula moto wa pano ya jua, na watoto wanapokezana. Tunatumia LibreOffice Calc, ambayo ni bure. Unaibeba kwenye kle na ikishaingia haiombi intaneti. Kazi ya kwanza ni jedwali la kuzidisha, 1 mpaka 12. Katika B2 wanaandika =$A2*B$1, halafu wanavuta kona kushuka na kwenda kulia. Visanduku 144 vinajaa kwa fomula moja! Naeleza: hapa dola si pesa, ni kufuli. Imefunga safu A na mstari wa 1 visihame. Wanacheka, na hawasahau.

Tano, kuharibu. Naingia kisiri naandika "27 FC" mahali fulani. Wanawinda. Siri wanaijua: kwa kawaida namba inaegemea kulia, neno linaegemea kushoto. "Mwalimu, huyu amelala kushoto!" Franka au kilo tunaandika juu ya safu tu. Na kwa kuwa mashine zetu mingi zinaongea Kifaransa, fomula ya jumla ni =SOMME(B2:B6), na desimali ni kwa mkato, 2,5. Ukiandika 2.5 kwa nukta, mashine haiioni kama namba.

Msidhani makosa haya ni ya kijijini. Mwaka 2010 maprofesa wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala juu ya madeni ya nchi, na wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakaitumia. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Massachusetts, Thomas Herndon, alifungua faili lao akakuta wastani umeacha nchi tano: fomula haikufika mwisho wa orodha. Wenyewe walikubali kwamba kosa lile lilikuwepo. Mwanafunzi, kama ninyi.

Kwa hiyo ukirudi nyumbani wakati wa likizo, usingoje mradi wala chumba chenye ordinatere ishirini. Kaye ya karo, bike, na saa mbili zinatosha kuanza. Yule mtoto wa mwaka wa sita sasa ndiye anakagua hesabu za likelemba kila mwisho wa mwezi. Mama yake bado anatunza sanduku.