Ukisaini, Umeachilia Nini?

Mwaka 1964 mpiga tarumbeta mmoja alikuwa na kazi ya BBC jijini London. Aliingiza gari lake kwenye maegesho ya Shoe Lane Parking, ambako mlangoni hapakuwa na mhudumu. Taa iligeuka kutoka nyekundu kuwa kijani, mashine ikatoa tiketi, naye akaichukua akapita. Kwenye tiketi kulikuwa na maandishi madogo kwamba imetolewa kwa masharti yaliyobandikwa ndani ya jengo. Saa chache baadaye aliporudi kuchukua gari, alipata ajali humo humo na kuumia vibaya. Alipodai fidia, kampuni ilimwelekeza kwenye nguzo iliyobandikwa masharti hayo: yalisema haitawajibika mteja akiumia.

Kampuni ilishindwa. Mwezi Desemba 1970 Lord Denning wa Mahakama ya Rufaa alieleza kwamba mteja hawezi kujadiliana na mashine; tiketi ikishatoka mkataba umekwisha kufungwa, na sharti jipya haliwezi kupenyezwa baadaye. Alisema pia kwamba sharti zito namna ile lingepaswa kuandikwa kwa wino mwekundu, na mkono mwekundu ukilielekeza.

Hukumu hiyo ingali na uzito Nairobi na Dar es Salaam, kwa kuwa mahakama za Kenya na Tanzania husoma maamuzi ya Kiingereza kuhusu mikataba. Mtu aliyevunjika mguu mahali penye tangazo la “hatutahusika” asikate tamaa kwa sababu ya tangazo peke yake. Kwanza aulize: lilikuwa wapi, aliliona lini, na lilitaja gari au mwili wa mtu?

Fomu yenye sahihi ni jambo zito zaidi. Tangu kesi ya L'Estrange ya mwaka 1934, Waingereza wanashikilia kwamba aliyesaini amefungwa hata kama hakusoma, isipokuwa alidanganywa. Ukali huo ndio uliolifanya Bunge lao kutunga sheria ya mwaka 1977, inayomkataza mfanyabiashara kujivua dhima ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake. Marekani kila jimbo lina njia yake. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya California ilibatilisha fomu ambayo hospitali ilimsainisha mgonjwa kama sharti la kumpokea, kwa hoja kwamba anayehitaji tiba hana nafasi ya kuchagua. Virginia wamekwenda mbali zaidi: mtu hawezi kabisa kuachilia mapema madai ya majeraha yatokanayo na uzembe wa mwingine. Kwa Tanzania, Sheria ya Mikataba, katika kifungu cha 23, inaipa mahakama uwezo wa kukataa makubaliano yanayokwenda kinyume na maslahi ya umma. Mlango uko wazi, ila anayeubisha lazima awe na hoja.

Fomu za kupanda mlima, kupiga mbizi au kukimbia marathoni kwa kawaida zina mambo matatu. La kwanza, mshiriki anakiri kwamba anazijua hatari. Hilo ni haki. Anayepanda Kilimanjaro hadi mita 5,895 anapaswa kuambiwa kwamba hewa nyembamba inaweza kuua. La pili, anaachilia madai dhidi ya mwandaaji. La tatu ndilo wengi hulipita bila kuliona: anaahidi kumlipia mwandaaji gharama endapo mtu mwingine, labda mke au mtoto wake, atafungua kesi. Mtu aliyekubali kujihatarisha mwenyewe anajikuta amezibebesha mzigo mali za nyumbani kwake.

Bima inaingia wapi? Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Mwandaaji akisema “tuna bima”, mara nyingi anamaanisha bima ya dhima, yaani ile inayomlinda yeye anapodaiwa. Bima hiyo hulipa pale tu mwenye bima anapokuwa na wajibu kisheria. Kwa hiyo mteja akiachilia madai na fomu ikasimama mahakamani, hajamsamehe mwandaaji peke yake. Amefunga pia mfuko wa kampuni ya bima, ambao ungeweza kumlipa bila mwandaaji kufilisika. Bima ya ajali binafsi ni kitu kingine. Yenyewe haiulizi kosa ni la nani. Huuliza kama ajali imetokea na kama imo kwenye mkataba. Hata hivyo isomwe, kwani baadhi ya bima za safari zina ukomo wa kimo, na Kilimanjaro inaweza kuwa juu ya ukomo huo.

Barabarani hali ni hiyo hiyo. Ile ambayo Watanzania huiita bima ndogo huwalinda watu wengine dhidi ya dereva. Mwili wa dereva mwenyewe haumo. Nchini Kenya sheria ya bima ya magari imeweka ukomo wa shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja, na kinachozidi hapo majeruhi humfuata mwenye gari.

Lakini karatasi ya kuogopwa kuliko zote ni ile inayoletwa baada ya ajali. Majeruhi yuko kitandani, bili inapanda, anatokea mtu mwenye bahasha na hati ya kumaliza madai. Fomu ya kabla ya safari inaweza kupingwa kwa sababu nyingi. Hii ni taabu kuing'oa, kwa kuwa mtu amejua ameumia, amepokea pesa na ameandika kwamba hadai tena. Mfupa usipounga na upasuaji wa pili ukahitajika, gharama ni yake.

Kabla ya kusaini fomu ya safari, omba kuona cheti cha bima, usome kinamlinda nani, kwa kiasi gani, na mpaka tarehe ipi. Ukiwa hospitali, usisaini hati yoyote ya kumaliza madai kabla daktari hajaandika hali yako itakavyokuwa mbele na wakili hajaisoma.