Ruhusa za Mafaili: Programu za Windows Katika Kompyuta za Linux

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 mkoani Mtwara, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 650. Eneo hilo limegawanywa katika kanda. Ipo kanda ambamo uvuvi umekatazwa kabisa, na ipo ambamo mvuvi hana budi kuwa na kibali. Mvuvi anayezuiwa katika kanda iliyokatazwa hazuiwi kwa sababu mtumbwi wake umetoboka au wavu wake umechanika. Vyombo vyake ni vizima. Kinachokosekana ni ruhusa. Kanuni ya namna hiyo hutawala pia ndani ya kompyuta, na wasioielewa hudhani kuwa programu zao zimeharibika.

Mfumo wa Linux ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland. Mfumo huo hufuata kanuni za Unix, uliobuniwa Marekani mwaka 1969 na kukuzwa kwa ajili ya mashine zilizotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Kwa sababu hiyo kila faili lina mwenyewe na lina kundi lake. Watumiaji waliosalia huhesabiwa kuwa wengineo. Ruhusa zenyewe ni tatu, na kila moja ina tarakimu yake:

(a) kusoma, 4;
(b) kuandika, 2;
(c) kutekeleza, yaani kuliendesha faili kama programu, 1.

Tarakimu hizo hujumlishwa. Faili lenye alama 640 husomwa na kuandikwa na mwenyewe, husomwa tu na kundi, na wengineo hawaligusi.

Programu za Windows huweza kuendeshwa katika Linux kwa msaada wa Wine, kazi iliyoanza mwaka 1993. Wine hupokea maombi ya programu na kuyafasiri yaeleweke kwa Linux. Diski ambayo programu huiona kwa jina la C kwa kawaida ni folda tu iliyomo katika makao ya mtumiaji. Hapo ndipo matatizo huzukia. Programu nyingi za zamani za Windows ziliandikwa kwa dhana kwamba mtumiaji ana mamlaka yote juu ya mashine, lakini ndani ya Linux programu haiwezi kupata mamlaka yanayozidi ya mtu aliyeiwasha.

Yafaa kuchukua mfano wa karani wa Msimbati anayetunza takwimu za samaki kwa programu ya Windows. Siku moja programu inakataa kuhifadhi. Karani anaiwasha kwa amri ya ‘sudo’, yaani kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, nayo inakubali. Kesho yake anaiwasha kwa jina lake mwenyewe, nayo inakataa kabisa: mafaili yaliyoundwa jana sasa ni mali ya msimamizi mkuu. Takwimu hazikupotea; zimebadilika mwenyewe.

Wengine hukimbilia alama 777, inayompa kila mtu ruhusa zote. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa, kwani ni sawa na kufuta mipaka yote ya hifadhi kwa sababu mvuvi mmoja amekosa kibali. Tangu hapo mtumiaji yeyote wa mashine hiyo, au programu yenye hila iliyowashwa kwa jina lake, huweza kubadili au kufuta kumbukumbu za miaka mingi.

Tiba iliyo sahihi ni kurudisha umiliki. Msimamizi hutumia amri ya ‘chown’ kumrudishia karani folda yake pamoja na vyote vilivyomo. Watu wawili wanaotumia takwimu zilezile wawe kila mmoja na folda yake ya Wine, kwani Wine hukataa folda isiyo mali ya anayeiwasha. Takwimu zenyewe ziwekwe katika folda ya kundi lao. Kadhalika, diski ndogo za kubebeka zilizopangwa kwa utaratibu wa FAT hazina nafasi ya kuandika mwenyewe wa faili, hivyo kuzibadilishia ruhusa faili moja moja hakufai kitu. Ruhusa hupangwa wakati diski inapounganishwa na mfumo.

Kwa hiyo, programu inapokataa, swali la kwanza lisiwe “imeharibika nini?” bali “faili hili ni la nani, na nani ameruhusiwa?”