Anayekalia shamba la kimila ana mali, au ana ruhusa tu?

MKULIMA anayelima shamba la babu yake kijijini, bila hati yoyote mkononi, ana mali au ana ruhusa tu ya kukaa? Swali hilo lilijibiwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania Desemba 1994, katika shauri lililoanza kama ugomvi wa kawaida wa shamba.

Mwaka 1987, baba na mwanawe, wakulima wa wilaya ya Mbulu, wakati huo mkoani Arusha, walifungua kesi katika Mahakama ya Hakimu Mkazi wakidai kurejeshewa ardhi waliyoimiliki kimila. Walishinda, na shamba likarudi mikononi mwao.

Rufaa ya wapinzani wao ikiwa bado Mahakama Kuu, ilitungwa Sheria Namba 22 ya mwaka 1992. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika ardhi iliyoguswa na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ikazuia fidia kwa kufutwa huko, na kukomesha kesi zilizokwisha kufunguliwa. Kwa maneno mengine, mshindi alinyang'anywa ushindi wake kwa kalamu ya Bunge.

Wakulima hao waliipinga sheria yenyewe Mahakama Kuu, wakashinda tena. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa, akidai kuwa haki ya kimila ya kutumia ardhi si mali inayolindwa na Katiba. Hoja hiyo si nyepesi, kwani tangu mwaka 1923 sheria inaitambua ardhi yote kuwa ya umma.

Majaji, wakiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, waliikataa. Walikiri kuwa haki hiyo ni ya kukaa na kutumia tu, lakini wakasema hiyo nayo ni mali chini ya Ibara ya 24, na haiondolewi bila fidia ya haki. Hata pasipo na nyumba wala miti ya kudumu, jasho la aliyeitunza ardhi hulipwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, iliipa haki ya kimila hadhi sawa na ile itolewayo na Serikali. Hata hivyo, kifungu chake cha 15 kilihalalisha ugawaji wa ardhi uliofanyika vijijini kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977, hata ule uliokiuka sheria. Kwa aliyehamishwa miaka hiyo na shamba lake kupewa jirani, njia ya kulidai imebaki nyembamba mno.